Neno Moja kwenye Barua ya Zaitun

Mzee Yosia tulimzika kijijini kwake Dadamu, Jumamosi, mvua ikitishia bila kunyesha. Watu walimsifu sana, na safari hii sifa za msibani zilikuwa za kweli. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, na miaka yote aliyosimamia ile zahanati ndogo ya waumini hakumwachisha mtu kazi bila kwanza kumwita na kumketisha. Nilikaa nyuma kabisa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, na kila sifa ilinichoma. Asubuhi ile nilikuwa nimempigia simu Zaitun, Koboko, kumwambia kwamba mzee ametutoka na kwamba akitaka kuja nitamngojea mjini. Zaitun ni bibi wa wajukuu saba sasa, na sauti yake ya simu imekuwa nzito, lakini siku hiyo ilirudi ujanani. "Onziru," alisema, "yule mutu mimi hapana kuja kumuzika. Mungu amurehemu, lakini mimi hapana. Wewe unajua alifanya mimi nini." Nikamjibu kwamba najua. Nilijua zaidi yake. Mzee Yosia hakumfanyia Zaitun kitu chochote maishani. Aliyemfanyia ni mimi, na mzee ameingia kaburini amebeba mzigo wangu bila hata kuambiwa ni mzigo gani.

Mwaka wa jambo lenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa, naye Zaitun kumi na nane. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Mvara, nyuma ya nyumba ya fundi seremala, chumba chenye dirisha moja la mbao na ukuta wa kati ambao haukufika juu, kwa hiyo maneno ya jirani yalikuwa maneno yetu na yetu yalikuwa yake. Mimi nilikuwa Mkristo wa Kilugbara ninayejua kupiga taipu kwa vidole vinne; yeye alikuwa Mnubi, Mwislamu, mtoto wa ukoo ambao babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan wakabaki. Watu walitushangaa. Sisi hatukuwa na nafasi ya kujishangaa, maana tulikuwa na kitanda kimoja, sigiri moja ya makaa na sufuria mbili, na moja ya hizo ilivuja. Zaitun ndiye aliyepika. Alijua kuchoma gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi, kwenye kikaango mpaka zikawa laini kama kitambaa, akazipanga moja juu ya nyingine, na maharage aliyoyapika yeye yalikuwa na ladha ambayo mpaka leo nikiyapika mimi haiji. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kusifu.

Sote wawili tulifanya kazi kwenye zahanati ya Mzee Yosia. Zaitun alifua mashuka, akachemsha vyombo, akasafisha chumba cha kujifungulia, na taratibu, bila mtu kumwagiza, akaanza kushika mikono ya wanawake waliokuwa na uchungu. Nilimwona mara nyingi nikipita na makaratasi yangu. Mwanamke akiwa anapiga kelele, Zaitun alikaa kando yake akimsemesha pole pole kwa Kiswahili, Kinubi na yale machache ya Kilugbara aliyoyajua, na mwanamke akatulia. Mkunga mwenyewe alisema msichana huyu mikono yake imeumbwa kwa kazi hii. Ndipo nafasi ikatokea: hospitali moja kubwa ilikuwa inachukua wasichana kwa mafunzo ya ukunga, na kila mmoja alitakiwa kuleta barua ya mwajiri kuhusu tabia yake. Zaitun hakulala vizuri kwa juma zima. Alitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kuona mtu akitaka kitu.

Sasa nieleze jinsi Mzee Yosia alivyoandikisha barua, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa. Alikuwa karani wa jeshi ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimechanganyika na Kiingereza cha kambini. Alitembea mbele ya meza yangu, mikono nyuma, akisema mambo kwa lugha zote mbili, na kazi yangu ilikuwa kuchuja na kupiga taipu Kiingereza kitupu. Alikuwa na neno lake moja alilolitia kila mahali pumzi ilipoisha: vile. "Mimi naandika ninyi, vile, kuhusu ile dawa, vile..." Katika barua moja niliweza kuondoa vile kumi, na nilikuwa nikimwigiza Zaitun jioni mpaka anashika mbavu. Siku ya barua yake, Jumanne, mzee alikuwa na furaha. Alisema jina, akasema muda wa kazi, akafika kwenye tabia. "Andika: her conduct is... vile... vile wewe najua mwenyewe, weka muzuri, weka neno kubwa." Kabla sijamuuliza neno gani kubwa, akaitwa nje, gunia la sabuni lilikuwa limepasuka mlangoni. Nilikaa nikitafuta neno kubwa. Sikulipata. Mzee akarudi anahema, akaendelea na sentensi nyingine, vidole vyangu vikaendelea naye, na kwenye karatasi lilibaki lile neno ambalo sikio langu lilikuwa limelishika. Her conduct is vile. Kisha nukta.

Niliisoma barua kabla ya kumpa atie sahihi. Naapa niliisoma. Lakini jicho huliruka neno linalolijua, na hilo nilikuwa nalo tangu nanyonya. Vile ya Kiswahili ni neno lisilo na kosa, linakaa popote, halimdhuru mtu: vile ulivyo, vile unavyotaka, vile vile. Mzee naye miwani yake ilikuwa imevunjika kioo kimoja, na aliniamini. Akatia sahihi, nikaweka nakala ya kaboni kwenye faili, barua ikafungwa kwa gundi, ikawekwa kwenye sinia la mbao la barua mezani kwake, ingojee gari la Ijumaa. Mpaka hapo sikuwa na dhambi. Nilikuwa karani mbovu tu, na makaratasi mabovu ya makarani wa nchi hii yangeweza kujaza ziwa.

Lakini kuna jambo la Jumatatu, siku moja kabla ya barua. Jumatatu jioni nilirudi mapema, nikawa ndani nimelala, Zaitun akawa uani na mke wa seremala, wanachambua mchele. Hawakujua nipo. Mke wa seremala alimuuliza, "Wewe ukikwenda, huyu Onziru atakula nini?" Zaitun akacheka. "Atakula makaratasi. Huyu hata maji akipika yataungua." Hilo lilikuwa utani, nilikuwa nimelizoea. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Mama, mimi nikienda kule nitapumua. Huyu dada ananikalia hapa," na najua alikuwa anaonyesha kifua. Niligeukia ukutani. Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayemvumilia, na kumbe navumiliwa. Iliniuma kwa namna ya kitoto, na sikumwambia, nikawa naosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida.

Jumatano jioni nilikuwa na darasa la Kiingereza. Mwalimu Debora, mama mnene aliyestaafu, alitufundisha watu kumi na wawili kwenye jumba karibu na kanisa, kwa Kiswahili, kwa sababu wengine wetu walikuwa Walugbara, wengine Wakakwa, na mmoja alitoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Somo lilikuwa maneno ya tabia. Aliandika mazuri upande mmoja wa ubao, mabaya upande wa pili, na chini kabisa ya mabaya akaandika herufi nne. Nilizisoma kwa sauti, kwa furaha, kama mtu aliyekutana na mjomba wake ugenini. "Mwalimu, hiyo ni Kiswahili! Vile!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka mpaka akakohoa. "Hapana, Onziru. Hapa linasomwa vail. Hili si la kwenu."

Akatueleza, na maelezo yake ninayo mpaka leo karibu neno kwa neno. "Iko mubaya, halafu iko mubaya sana, halafu iko hili. Yai likioza ni baya. Mutu akiiba kuku ni mwizi. Lakini mutu akifukua kaburi akaiba sanda ya maiti, huyo ndiyo vail." Mkongo akauliza kama linaweza kusemwa juu ya chakula. Mwalimu akasema ndiyo, Mzungu akinywa dawa chungu anaweza kulisema, akakunja uso, ikaisha. Hata mvua ya siku tatu anaweza kuiita hivyo. "Lakini ukiliweka pamoja na conduct, na tabia ya mutu, hapo hakuna mchezo. Usiliandike juu ya mutu kama hukumuona kwa macho yako." Kisha, kwa kuwa alipenda kuchimba maneno, akaongeza kwamba zamani sana lilikuwa neno la vitu tu, kitu rahisi, cha bei ya chini, ambacho mtu hakijali. Likapanda pole pole kutoka kwenye vitu mpaka kwa watu. Akanigeukia, "Na jina lako wewe, si lina ubaya ndani?" Nikasema ndiyo, onzi kwetu ni ubaya, lakini mtoto huitwa hivyo kwa sababu ya ubaya wa majirani, ubaya wa maneno waliyomsema mama yake, jina linawaumbua wao, mtoto mwenyewe hana hatia. "Vizuri," akasema mwalimu. "Hili la Kiingereza halina jirani. Linamshika mwenyewe." Watu wakanakili. Mkono wangu ulikuwa umesimama, kwa sababu nilikuwa naiona karatasi, naona mstari, naona nukta.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijiambia kesho asubuhi nitamwambia mzee. Ilikuwa kazi ya dakika tano: kuchana bahasha, kupiga taipu upya, sahihi. Lakini nilikuwa kwenye miezi yangu mitatu ya majaribio, na karani aliyenitangulia alikuwa ameondoka baada ya kuharibu barua moja. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Chini yake kulikuwa na nyingine niliyoijua vizuri, nayo ilikuwa na sauti ya Zaitun ikisema nitapumua. Nikawaza: matroni, mkuu wa wauguzi wa kule, si mjinga, ataona ni kosa la taipu, atauliza. Nikawaza: na asipouliza, basi Zaitun atabaki mwaka mmoja zaidi, si kifo. Ijumaa saa nne gari likaja. Dereva akachukua barua zote kwa mkono mmoja. Nilimtazama kupitia dirishani mpaka alipofunga mlango wa gari.

Baada ya majuma matatu Zaitun aliitwa, akaenda na mfuko wake wa nguo, akarudi siku ya pili na mfuko ule ule. Alikaa kitandani na viatu miguuni. Matroni alikuwa amemsomea barua ya tabia yake mbele ya wasichana wengine, akamwambia nafasi hakuna. "Dada, ile barua iko na neno moja," alisema. "Vail. Yeye alilisema mara mbili. Wewe unasoma Kiingereza. Vail iko nini?" Kama angeiona ile karatasi kwa macho yake angeweza kuisoma kama nilivyoisoma mimi, tukacheka, au tukalia, na pengine nikasema. Lakini alilisikia tu, na mdomoni maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Nilimwangalia usoni. Nikamwambia, "Sijui. Labda hukusikia vizuri."

Kesho yake aliingia ofisini. Alisimama mbele ya meza ya mzee, mimi nipo kwenye mashine yangu, hatua tatu. "Mzee, mimi nilikukosea nini? Kama ni dini, sema. Kama ni hii kabila yetu ya watoto wa askari, sema." Mzee Yosia alivua miwani. "Binti yangu, mimi niliandika muzuri." Akanigeukia, "Mama, tuliandika vile gani?" Nikasema, "Muzuri, mzee." Akataka nimwonyeshe nakala. Nikafungua faili, nikapekua, nikasema haionekani. Mzee akasema basi tuandike nyingine sasa hivi, ataipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Na Zaitun, ambaye nilimjua kwa upole, akamjibu, "Barua yako ya kwanza imetosha." Akatoka. Mwisho wa juma alihamia Koboko. Nakala niliitia kwenye sigiri nikachemshia chai, na nikainywa.

Nimeishi na hilo neno muda mrefu, nikiligeuza. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya ubaya na nimeyajaribu yote: ovu, duni, chafu, hafifu. Yote ninaweza kuyasema juu ya wengine. Lile la Mwalimu Debora peke yake ndilo ninalojisomea mwenyewe, na kinachoniuma si mfano wa sanda, ni ile habari ya bei. Kitu rahisi. Sisi rahisi tunaisema kwa kitu cha bei ndogo, na tunaisema pia kwa jambo lisilo na taabu, na mimi nilifanya jambo lisilo na taabu kuliko yote, yaani kunyamaza. Kila Krismasi Mzee Yosia aliniuliza, "Na yule binti wa Koboko, iko vile gani?" na kila Krismasi nilimwambia iko salama. Zaitun hakuwa salama. Aliolewa, akauza vitenge, akazaa, Mungu akamjalia, lakini hakuingia tena kwenye chumba cha mwanamke mwenye uchungu. Wajukuu wake saba walipozaliwa alikaa uani mpaka aitwe. Binti zake wanadhani anaogopa damu.

Jumatatu baada ya mazishi nilipanda gari la asubuhi mpaka Koboko. Alifurahi, hakunitegemea. Alikuwa barazani, amekaa kwenye mkeka, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Akanikaribisha pale pale, akafunua kawa la rangi alilolisuka mwenyewe, chini yake kuna sinia, gurusa na maharage. Nikageuka kutafuta sahani, akanikemea. "Sahani ni ya mugeni. Kaa hapa, kula na mimi." Nikamwambia ngoja, nina kitu kwanza. Nikatoa karatasi na kalamu, nikaandika herufi nne, nikampa. Akaiweka mbali na macho, kama tunavyosoma sasa. "Vile," akasoma. "Vile nini?"

"Soma kama Mzungu."

Midomo yake ikajaribu. Ilijaribu mara mbili. Kisha ikatoa lile neno, taratibu, na akabaki ameitazama karatasi. Nikamweleza yote: mzee na pumzi zake, gunia la sabuni, ubao wa Mwalimu Debora, nakala kwenye sigiri. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, maana machozi yalikuwa yake. Yeye hakulia. Aliuliza maswali, kama mtu anayepima kitambaa.

"Wewe ulijua siku gani?"

"Jumatano. Jioni."

"Na gari ilikwenda siku gani?"

"Ijumaa."

Akakunja kidole kimoja, akakunja cha tatu, kile cha katikati kikabaki kimesimama. Akakitazama. "Alhamisi," akasema. "Alhamisi mimi nilipika angara."

Nilipoandika kurasa hizi nilitoka Jumatano nikaingia Ijumaa, kama juma lile halikuwa na Alhamisi, na nimeziacha hivyo hivyo ili msomaji aone ninavyofanya. Ilikuwepo. Zaitun alinunua samaki mkavu, angara, akampika na karanga za kusaga, kwa kuwa alifikiri anaondoka. Mke wa seremala, aliyeniona baadaye nikitoka, alikuwa amemwambia kwamba nilikuwa ndani siku ile. Tulipokuwa tunakula alisukuma kipande chenye nyama upande wangu, akasema, "Onziru, yale maneno yangu, wewe uliyasikia. Ilikuwa ni mudomo tu. Nisamehe." Nikamwambia tumesameheana. Barua ilikuwa bado mezani kwa mzee. Nikala kile kipande mpaka mfupa.

"Nilikuomba msamaha," Zaitun alisema sasa barazani, bila kupandisha sauti. "Na wewe ulinipa."

Nikasema ndiyo.

Aliikunja ile karatasi mara mbili. Kisha akauliza, "Muke wa mzee iko hai?" Nikasema iko. "Kesho tunaenda Dadamu. Wewe utamwambia yote, mbele yangu. Mimi nitamwomba msamaha kwa yale niliyomsema mume wake miaka hii yote." Nikasema sawa. Akaweka mkono ukutani, akasimama kwa shida, nikataka kumsaidia, akautoa mkono wangu begani kwake. Akaingia ndani. Nilisikia vyombo. Alirudi na sahani ya bati, akachota maharage, akaweka gurusa mbili juu, akaniwekea mbele kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kisha akalivuta sinia upande wake.

"Karibu chakula, mugeni," akasema.